Mgeni Akiugua, Nani Alipe?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa nchi za nje anayeingia Zanzibar hutakiwa awe amekata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kupita kwa maofisa wa uhamiaji. Mtu mzima hulipa dola 44 za Kimarekani, mtoto hulipa nusu yake, na mtoto mchanga halipi kitu. Bima hiyo humlinda kwa siku zisizozidi 92. Akivunjika mguu Nungwi, akipatwa na homa kali Makunduchi, au ikilazimu asafirishwe kwa ndege kwenda kutibiwa kwingine, gharama haimwangukii yeye wala haiuangukii umma wa Zanzibar.

Amri hiyo ilipotangazwa yalisemwa mengi. Wako waliodai kwamba watalii wangekimbilia visiwa vingine, na wako walioiita kodi iliyovikwa joho la bima. Sisi tuliiona, na tunaiona hata leo, kuwa amri ya haki. Mtu anayekuja kustarehe katika nchi ya watu hana sababu ya kuwaachia wenyeji deni la dawa aliyotumia yeye. Mwenye kuweza kulipia chumba cha hoteli hashindwi na dola 44.

Lakini hatukukusudia leo kumzungumza mtalii, kwani mtalii ana kwao na siku zake zinahesabika. Tunakusudia kumzungumza mgeni wa namna nyingine, ambaye hapigiwi muhuri popote kwa sababu amehama ndani ya Jamhuri yake mwenyewe. Ni yule kijana aliyeshuka kutoka milimani akavuka bahari kuja kufundisha, kujenga, kupika hotelini au kuuza nguo Darajani. Na ni yule Mpemba aliyefungua duka katika mji wa Bara, ambaye watu wa mtaa humjua kwa jina la kisiwa chake kabla hawajamjua kwa jina lake. Hawa wawili hawana siku 92. Wamekuja kukaa. Je, wakiugua nani alipe?

Ili swali hili lisielee hewani, na tuliweke mahali panapojulikana. Kata ya Msangeni iko katika wilaya ya Mwanga, juu katika milima ya Upare ya Kaskazini. Mwanga yenyewe ilimegwa kutoka wilaya ya zamani ya Pare, ambayo makao yake yalikuwa Same. Juu kuna baridi, migomba na kahawa. Chini kuna tambarare kavu, na upande wa mpaka wa Kenya liko Ziwa Jipe. Ardhi ya milimani ni finyu. Shamba alilolima babu likigawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, linabaki kipande ambacho hakimlishi mtu na mkewe. Upareni shule zilitangulia kufika kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo kwa muda mrefu mazao makubwa ya milima hiyo yamekuwa walimu, makarani, wauguzi na wafanyabiashara wanaokwenda kuishi kwingine. Kaya ya Msangeni haikai chini ya paa moja. Baba na mama wako mlimani, kijana mmoja yuko Moshi, wa pili yuko Dar es Salaam, binti yuko Unguja, na si ajabu mmoja akawa Marekani.

Sasa tutazame jinsi matibabu ya kaya hiyo yalivyopangwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mgonjwa alitibiwa bila malipo katika hospitali za Serikali, na ilikuwa ni mwaka 1993 ndipo uchangiaji wa gharama ulipoingizwa Tanzania Bara. Ili kumwondolea mkulima adha ya kutafuta fedha siku ya ugonjwa, ulibuniwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ukajaribiwa Igunga katikati ya miaka hiyo, na ukatungiwa sheria mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2018 mfuko huo ulifanyiwa marekebisho: kaya ya watu wasiozidi sita ikatoa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi yake ikafanya kazi kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mtu wa Msangeni maana yake ilikuwa zahanati ya karibu, kisha hospitali ya Usangi, kisha Mawenzi mjini Moshi. Mlango wa KCMC, hospitali ya kanda iliyo katika mji huo huo wa Moshi, kadi hiyo haikuufungua.

Kwa wazee waliobaki mlimani mpango huo ulikuwa na faida, na asiyekubali hayo hajawahi kuwa na mgonjwa usiku bila ya fedha. Lakini tazameni binti aliyevuka maji. Jina lake limo katika kadi ya kaya, mchango wake umo katika zile shilingi 30,000, na huenda ni yeye mwenyewe aliyezituma nyumbani kwa simu. Homa, hata hivyo, imemkuta Unguja, mahali ambapo kadi ya mkoa wa Kilimanjaro haikuandikiwa kufika.

Wakati huo huo yuko mtumishi wa Serikali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulitungiwa sheria mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu akikatwa mtumishi na nusu ikitolewa na mwajiri, nao hulinda mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wanne. Mwalimu wa Serikali akihamishwa kutoka Same kwenda Sumbawanga, kadi yake inakwenda naye. Kwa hiyo ilikuwa hivi: anayehamishwa na barua ya Serikali anahama na matibabu yake, na anayehamishwa na njaa anayaacha nyumbani. Sisi ambao katika Chama tumelelewa juu ya neno usawa, hatuna budi kuona kwamba hapo pana kasoro.

Upande wa Visiwani sura haitofautiani sana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalifanywa kuwa haki ya kila mwananchi, na wazee wetu wanajua maana ya neno hilo, kwa sababu waliiona siku ambayo halikuwako. Miaka imepita, watu wameongezeka hadi 1,889,773 kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, maradhi ya sukari na shinikizo la damu yamekuwa ya kawaida, na dawa za maradhi hayo hunywewa maisha. Serikali ya Mapinduzi imejenga hospitali katika wilaya, na mwaka 2023 ikaanzisha kwa sheria Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ambao ulianza na watumishi wa umma. Hatua hiyo ni njema. Lakini Mpemba mwenye duka mjini Same si mtumishi wa umma wa Zanzibar. Naye ni mlipa kodi wa halmashauri ya Same, anasomesha watoto Same, na pengine atazikwa Same. Mifuko yote miwili ilipokuwa ikipanga hesabu zake, yeye alikuwa safarini.

Asili ya jambo hili ni ya kikatiba, na maofisa wanaotusoma wanaijua kuliko sisi. Afya haimo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Ziko wizara mbili, sheria mbili, mifuko miwili. Hatuandiki haya ili kudai orodha hiyo irefushwe. Mjadala huo una mahali pake na una watu wake. Tunachosema ni kwamba mpaka wa madaraka ya wizara hauna lazima ya kuwa mpaka wa dawa. Fedha ya Tanzania inapokewa Chake Chake na inapokewa Msangeni. Simu ya mkononi inatuma fedha hizo kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa muda wa pumzi moja. Kadi ya matibabu inashindwa na nini?

Wako watakaotuambia tuache kulalamika na tutazame Marekani, nchi yenye fedha na madaktari wa kila fani. Na tuitazame, maana ndugu zetu wako huko, katika majimbo ya Minnesota, Ohio, Maine, Texas na mengineyo, na habari zao hutufikia kila siku.

Marekani ilitunga mwaka 1965 sheria ya mipango miwili mikubwa, Medicare kwa wazee na Medicaid kwa wasio na kipato. Huu wa pili gharama zake hugawanywa baina ya Serikali ya Shirikisho na kila jimbo, na jimbo lina nafasi pana ya kuamua nani aingie na nani abaki nje. Kwa sababu hiyo mgeni anayefika huko hawezi kuuliza Marekani inatoa nini. Yampasa aulize amefikia jimbo gani. Mwaka 1996 ilipitishwa sheria nyingine iliyosema kwamba wengi wa wageni wenye kibali halali cha ukaazi wa kudumu wasubiri miaka mitano kabla ya kustahiki Medicaid ya Shirikisho. Miaka mitano anafanya kazi, anakatwa kodi, na mlango umefungwa. Jimbo likitaka kumhurumia hutoa fedha zake lenyewe.

Minnesota ilitaka. Jimbo hilo lina mpango wake uitwao MinnesotaCare tangu mwaka 1992, na mnamo Januari 2025 liliufungua hata kwa wageni wasio na vibali. Haukupita mwaka. Katikati ya mwaka 2025 wabunge wa jimbo, wakiwa katika mvutano wa bajeti, walikubaliana kuwaondoa watu wazima wa kundi hilo ifikapo mwanzo wa 2026, wakabakizwa watoto. Mtu aliyepewa kadi Januari akaanza matibabu ya sukari aliambiwa kabla ya Januari nyingine kwamba kadi hiyo haina kazi.

Wakimbizi nao wana habari yao, na hawa wanatuhusu kwa karibu, kwa kuwa maelfu ya Wakongo waliopelekwa Marekani walipitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma na wanazungumza Kiswahili hiki hiki. Msaada maalumu wa matibabu kwa mkimbizi asiyestahiki Medicaid ulikuwa wa miezi 12. Mwaka 2025 ulipunguzwa ukawa miezi 4. Na sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliweka Oktoba 2026 kuwa mwezi ambao wakimbizi na waliopewa hifadhi wangeanza kukosa Medicaid ya Shirikisho.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Tangu mwaka 1986 sheria ya nchi hiyo inailazimu hospitali yenye chumba cha dharura kumpokea mgonjwa mahututi bila ya kuangalia uwezo wake wa kulipa. Kwa hiyo mgeni aliyenyimwa dawa ya shinikizo la damu hatimaye hupokewa akiwa amepooza upande mmoja. Dawa ya kila mwezi ingekuwa rahisi. Vitanda, mashine na wataalamu wa siku hizo za dharura ni mali nyingi, na gharama hiyo huishia kwa walipa kodi na kwa wenye bima wenzao. Taifa tajiri linaweza kumudu upumbavu wa aina hiyo kwa muda mrefu. Sisi hatuwezi hata kwa mwaka mmoja.

(Na tuwanong'oneze wazazi wanaokwenda huko kuwatazama wajukuu: viza ya matembezi haiambatani na matibabu. Bima ya safari ikatwe kabla ya kupanda ndege, kama vile sisi tunavyomdai mgeni wetu dola 44.)

Turudi nyumbani. Bunge lilipitisha mwezi Novemba 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, baada ya muswada wa kwanza wa mwaka 2022 kukwama. Wakati wa mjadala wa mwanzo zilitajwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja, na wananchi wengi walishtuka, hasa waliokuwa wamezoea zile 30,000. Takriban watu 15 tu katika kila 100 ndio waliokuwa na bima ya aina yoyote wakati huo. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba utekelezaji ungeanza katika siku 100 za mwanzo, ukitangulizwa kwa wazee, watoto, wajawazito na watu wenye ulemavu, na kwamba maiti hazitazuiwa hospitalini kwa ajili ya deni. Katika kutekeleza ahadi hizo ndipo tunapotaka mtu aliyehama atazamwe kwa makini, kwa sababu makundi yanayotangulizwa huorodheshwa kijijini au mtaani, na orodha ya kijiji humwandika aliyeko na kumsahau aliyefika juzi.

Tunajua wako maofisa wa fedha wanaomwona mgeni kuwa mzigo. Hesabu zinasema kinyume. Anayehama ni kijana. Wazee na wagonjwa ndio wanaobaki. Mfuko wa bima husimama kwa michango ya wengi wenye afya kuwatibu wachache walio wagonjwa, na unaanguka pale wanapojiunga wagonjwa peke yao. Tuliliona hilo mwaka 2023 katika kadi ya watoto ya shilingi 50,400, ambayo utaratibu wake wa mzazi kumwandikisha mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, Mfuko ukieleza kuwa waliokuwa wakiletwa wengi wao walikuwa tayari wagonjwa. Kijana wa miaka 25 kutoka Msangeni anayebeba matofali Fuoni ndiye mwanachama ambaye kila mfuko ungemtamani. Kumwacha nje ni kuutupa mchango wake na kumsubiri aje baadaye na ugonjwa wake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza Ujamaa, akimaanisha kwamba hakuna kunyonya. Lakini mkataba huo una pande mbili. Aliyepewa jembe akalima, hawezi kuambiwa wakati wa kula kwamba yeye ni mgeni. Na Waislamu wanajua kwamba miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka yumo msafiri aliyekatikiwa njiani, hata kama kwao ana mali. Dini iliona zamani kwamba mtu anaweza kuwa na chake na asiweze kukifikia.

Kuhusu michango, Wapare wana somo ambalo kila mtoza fedha angefaa kulijua. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni, ikiwatumia watemi, iliweka kodi ya kupimia mali, ikaipa jina la zamani la mbiru. Mwezi Januari 1945 watu walishuka kutoka milimani kwa maelfu wakakusanyika Same, wakakaa, wakakataa. Hawakukataa kulipa, walikuwa tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja. Walichokataa ni makadirio yaliyofanywa gizani, ambayo mlipaji hakuyaelewa. Mgogoro uliendelea hadi mwisho kodi hiyo ikaachwa. Watu hao hao, bila ya kushurutishwa na askari, walikuwa wakijitolea katika msaragambo kuchimba mifereji na kujenga ndiva za kuhifadhi maji ya mashamba, kwa sababu kila mmoja aliyaona maji yakifika.

Kadi ya matibabu haina tofauti. Mtu wa Msangeni atatoa mchango akiona kwamba binti yake anatibiwa kwa mchango huo aliko, na Mpemba wa Same atatoa akiona hivyo hivyo. Asipoona atarudi katika desturi ya kupitisha kapu la michango siku ya ugonjwa, na mkusanya michango wa bima atamkuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo tunayataka mambo yanayoweza kutendeka. Kadi itolewe kwa mtu, na kaya iwe njia ya kulipia tu, ili kila jina lililomo liweze kutibiwa mahali lilipo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar wapokee wanachama wa kila mmoja kwa bei zilizokubaliwa, kisha walipane wenyewe kwa wenyewe. Mgonjwa asifanywe tarishi wa madeni yao. Asiwekwe mwananchi yeyote katika muda wa kusubiri kwa sababu tu ya kuvuka kutoka upande mmoja wa Jamhuri kwenda wa pili. Na makubaliano yoyote yatakayotiwa saini na wakubwa yashushwe hadi kwa karani wa dirishani, maana wengi wetu tumeona mikataba mizuri ikifia hapo, mbele ya kijana mwenye kompyuta anayesema kwamba hana waraka.

Kazi ya kuwatambua watu hao si ngeni. Visiwani sheha ana daftari la wakaazi wa shehia yake, na mgeni anayehamia huripoti kwake. Bara yuko mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na iko ofisi ya mtendaji wa kata. Kila mtu mzima anaandikishwa kwa kitambulisho cha Taifa. Bunge likikutana Dodoma na Baraza la Wawakilishi likikutana Chukwani kwa ajili ya bajeti, wawakilishi wa pande zote mbili wawaulize mawaziri wa afya swali moja lenye jibu la tarehe: ni lini binti wa Msangeni atapokewa Mnazi Mmoja kwa kadi yake, na Mpemba wa Same apokewe Mawenzi kwa yake?